Masjala Nayo Iko Mazoezini

Masjala,
Chini ya Ngazi Kuu.
Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Michezo na Afya Kazini,
Ghorofa ya Pili.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu,

KUHUSU: KINYWAJI CHA BLUU NA HAKI YA MASJALA KUKINYWA

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, umekaa, na karibu nawe pana kitu cha kunywa. Mimi ni mzima pia, ila hilo la tatu sina, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua unashangaa kuandikiwa na mtu uliyekula naye meza moja jana mchana. Hata mimi nimeshangaa. Lakini dada yangu, yaani mkeo, alishapiga marufuku mambo ya ofisi mezani kwake tangu ile siku tuliyobishana kuhusu stepla mpaka chakula kikapoa. Kwa hiyo jana nilikaa mbele yako saa mbili nzima nimetulia tuli kama maji mtungini, huku moyoni nikijua kwamba mtungi wenyewe mmeuondoa. Leo natumia njia ya karatasi, ambayo ndiyo kazi yangu.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na kamati nzima, nijitambulishe. Mimi ni karani mwandamizi wa masjala, kile chumba cha chini kabisa ambamo faili zote za ofisi hii huishi, pamoja na barua zenu, siri zenu na maombi yenu ya likizo ya miaka kumi iliyopita. Nina miaka kumi na moja humo. Tuko wawili: mimi na Bi Ngazi, ambaye alipewa jina hilo kwa sababu safu ya juu kabisa ya rafu hapandi mtu mwingine ila yeye. Anasema nikipanda mimi narudisha faili kichwa chini. Imetokea mara mbili tu, lakini Bi Ngazi ana kumbukumbu nzuri.

Sasa niingie kwenye malalamiko, ambayo nimeyapa namba ili mtakapokuwa mnayakataa mjue mmefika wapi.

1. Neno lenyewe.

Tangazo lako la kuanzisha Klabu ya Kukimbia ninayo nakala yake, kwa sababu nakala ya kila kitu ninayo. Linasema hivi: "Kila mtumishi anayeshiriki mazoezi atapewa chupa moja ya kinywaji cha wanamichezo amalizapo zoezi. Wasioshiriki wataendelea kunywa maji." Nimelisoma nikiwa nimekaa, nikalisoma tena nikiwa nimesimama. Hakuna mahali linapotaja miguu.

Siku mbili baadaye, kwenye ubao uleule wa matangazo, Mkurugenzi alibandika la kwake: "Masjala itaendesha zoezi la uhakiki wa faili zote kwa muda wa miezi mitatu." Zoezi. Wingi wake ni mazoezi. Jana, wewe ukiwa unanawa mikono, nilimuuliza mwanao wa darasa la tatu, akanijibu bila hata kuinua macho kwenye mpira wake. Ikiwa mtoto wako analijua hilo, sitaki kuamini kwamba kamati nzima yenye katibu na mweka vifaa hailijui.

Na hili si zoezi langu la kwanza. Nilishiriki zoezi la kuhesabu viti, tukagundua ofisi ina viti kumi na sita zaidi ya watu, na bado mimi nikatoka nimesimama. Nilishiriki zoezi la kubadilisha namba za milango, lile lililofanya mtu wa mapato ahudhurie kikao kisichomhusu kutoka mwanzo hadi mwisho na kutoa hoja mbili zilizopitishwa. Nilishiriki zoezi la kuhakiki watumishi, nikahakikiwa mara mbili, na mara zote mbili nikaonekana nipo. Huwa ni mazoezi matatu au manne kwa mwaka, na sijawahi kupewa hata taulo. Neno ni moja, Ndugu Mwenyekiti. Ama wote tuko mazoezini, ama tangazo lako liandikwe upya.

2. Muda.

Dirisha la masjala, kama unavyojua, liko usawa wa lami ya maegesho. Sisi hatuoni watu, tunaona viatu. Baada ya miaka kumi na moja nawajua watumishi wote wa ofisi hii kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini, na kuna wakuu wa idara ambao nikikutana na nyuso zao kwenye lifti huwa nasitasita mpaka niinamishe macho.

Kwa hiyo nimewafuatilia wanaklabu kwa vikao vinane, kila Jumanne na Alhamisi saa tisa na nusu, nikiwa na saa na daftari. Zoezi lenu ni kulizunguka jengo mara tatu. Mzunguko wa kwanza viatu vyote hupita kwa kasi ya kuridhisha. Wa pili, vile vyeupe vyenye mstari wa kijani huanza kutembea. Wa tatu, vile vyeupe vyenye mstari wa kijani husimama kando ya vyungu vya maua, kimoja kikiwa juu ya ukingo, kana kwamba mwenye navyo anafunga kamba. Kamba hiyo, Ndugu Mwenyekiti, hufungwa kwa dakika nne. Sitasema viatu hivyo ni vya nani. Nitasema tu kwamba vilinunuliwa na dada yangu, na mimi ndiye niliyemsindikiza dukani.

Jumla ya zoezi, pamoja na kamba, ni dakika kumi na tisa. Kisha mnapanda juu na kunywa kile kinywaji chenye rangi ya wino wa muhuri, ambacho ofisi nzima sasa inakiita "ya bluu".

Nilikwenda kumuuliza muuguzi wa zahanati yetu ya ofisi, bila kumwambia kisa, kipi ni bora kwa mtu wa mazoezi, maji au ya bluu. Ni mtu mwenye subira. Akanieleza kwamba kwa zoezi la kawaida lisilofika saa moja, maji yanatosha kabisa, na kwamba vinywaji vile vina sukari na chumvi za kurudisha kile ambacho mwili hupoteza mtu anapotoka jasho jingi kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Nikamshukuru, nikaondoka kabla hajaongeza neno.

Sasa tupige hesabu pamoja. Ninyi ni dakika kumi na tisa. Sisi tunaanza saa mbili asubuhi na kumaliza saa tisa alasiri: kuinama, kuchuchumaa, kubeba, kupanda, kushuka, kuvuta droo ambayo imegoma tangu kabla sijaajiriwa. Kwa maelezo ya mtaalamu, ya bluu ni ya kwetu na maji ni ya kwenu. Mmebadilishana na sisi bila kutuambia.

3. Jasho.

Huenda mjumbe mmoja akauliza kama kweli watu wa masjala hutoka jasho. Ni swali la haki na nimejiandaa nalo.

Viyoyozi vya ghorofa ya kwanza huwapulizia wenzetu hewa baridi, na ile ya moto huipumulia kwenye korido yetu. Kila uhasibu wakiona joto, sisi tunaiva. Dirisha letu la viatu halifunguki. Lilipigwa rangi mara tatu na sasa ni sehemu ya ukuta.

Nilijipima. Mizani pekee iliyo karibu ni ile ya vifurushi, ambayo mwisho wake ni kilo hamsini, kwa hiyo nilisimama mguu mmoja juu ya mizani na mwingine juu ya boksi la karatasi, kisha nikabadilisha miguu na kujumlisha. Asubuhi nilikuwa kilo sabini na moja. Alasiri nilikuwa sitini na tisa na nusu. Ama nimepoteza kilo moja na nusu ya jasho, ama mguu wangu wa kushoto si mwaminifu. Mhudumu wa vifurushi aliyeniona wakati wa kipimo cha pili amekubali kuwa shahidi, mradi asiulizwe nilikuwa nafanya nini.

Kuhusu chumvi, naambatisha shati langu la Alhamisi, lile la rangi ya kahawia. Mtaona mgongoni michoro myeupe. Sikutaka kuwaletea dhana, kwa hiyo nililamba kola. Ni chumvi. Kamati ikitaka kuthibitisha kwa njia yake yenyewe, sina kipingamizi. Shati lirudishwe, ni la kazini.

4. Filimbi.

Klabu imepewa filimbi. Sisi hatuna filimbi.

5. Mtungi.

Hapa naomba umakini, kwa maana ndipo sheria inapoingia.

Nje ya mlango wa masjala palikuwa na mtungi wa maji, ule mkubwa unaopinduliwa juu ya mashine yake na kutoa mlio wa tumbo kila mtu akijaza kikombe. Ulikaa hapo miaka yangu yote kumi na moja. Wiki ileile friji ya klabu ilipopelekwa ghorofa ya pili, alikuja bwana wa stoo na kitoroli, akauchukua. Nilipomuuliza akasema ana orodha, na masjala haimo kwenye orodha. Nikasema orodha ya nani. Akasema ya wanaohitaji. Nikabaki nimeshika kikombe kitupu kama mtu aliyefika kwenye sherehe ya jana.

Tangu hapo tunakuja na chupa kutoka nyumbani, na joto letu halina mzaha: ikifika saa nne chupa zimekwisha. Maji ya karibu zaidi yako jikoni ghorofa ya pili, ngazi arobaini na mbili. Kanuni za masjala zinakataza chumba kubaki bila mtu, kwa hiyo akienda mmoja mwingine hubaki. Nimelipima nalo hilo. Nikipanda, nikanywa vikombe viwili, nikashuka, nafika chini nikiwa na kiu ileile niliyoondoka nayo, pamoja na magoti. Kwa hiyo kwenda kunywa maji kwenyewe ni zoezi, ambalo mwisho wake, kwa mujibu wa tangazo lako, napaswa kupewa ya bluu.

Lakini hoja kubwa ni hii. Tangazo linasema wasioshiriki mazoezi "wataendelea kunywa maji". Wataendelea. Mtu hawezi kuendelea na kitu alichoondolewa. Watumishi wa ofisi hii wako makundi mawili tu: wanaoshiriki, na wanaoendelea kunywa maji. Sisi hatuendelei kunywa maji. Basi tuko kundi la kwanza. Nimeizungusha hoja hii kichwani usiku na mchana na sijaona inapovuja.

6. Bi Ngazi.

Shemeji, kwenye namba hii naweka kando kidogo ule uandishi wa kiofisi.

Bi Ngazi anastaafu mwisho wa mwezi huu, siku ileile zoezi linapokwisha. Zimebaki siku tisa za kazi. Kabla ya hapo ameapa kuimaliza safu ya juu kwa mikono yake, faili moja baada ya nyingine, ili atakayekuja asikute hata karatasi moja imelala pasipo pake. Mimi kazi hii alinifundisha yeye. Nilipofika sikujua tofauti ya barua inayoingia na inayotoka. Alinifundisha kutambua umri wa faili kwa kushika jalada lake gizani, siku umeme ulipokatika na Mkurugenzi wa wakati ule akataka mkataba haraka. Tuliupata. Sifa zikaenda kwa uhasibu, lakini tuliupata.

Jumatano iliyopita, saa sita mchana, alishuka ngazi polepole kuliko kawaida yake, hatua moja, akapumzika, hatua nyingine. Alipofika chini hakusimama, alikaa kwenye kidato cha mwisho na faili kifuani, akafumba macho. Nikamuuliza vipi. Akanijibu bila kuyafumbua, "Dunia imezunguka kidogo. Itatulia."

Niliogopa. Mahali pengine kwenye barua hii nimetania, na nitatania tena kabla sijamaliza, lakini pale niliogopa kwelikweli. Niliacha masjala na kanuni zake nikapanda zile ngazi arobaini na mbili mbiombio, na bila shaka dirishani hakuna aliyenipima. Friji ilikuwa imefungwa. Nikamwendea dada wa mapokezi, ambaye ndiye mwenye ufunguo na orodha ya wanaklabu. Ni binti mwenye adabu na simlaumu hata chembe. Akaniuliza, "Wewe ni mwanaklabu?" Nikamjibu, huku nikihema, "Niko kwenye zoezi." Akapitisha kidole kwenye orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, akitafuta namna ya kunisaidia, na jina langu halikuwemo. Nikachota maji jikoni kwa kikombe cha chai cha mtu, nusu nikayamwaga njiani, nusu yakafika. Bi Ngazi akayanywa taratibu, akakaa robo saa, akainuka na kupanda tena. Nilimshika ngazi mpaka saa tisa. Hakunikataza, na kwa Bi Ngazi hiyo ni dalili mbaya.

Usiku ule ndipo nilipoamua kwamba nitaandika.

Kutokana na hayo yote, masjala inaomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

(a) Chupa mbili za bluu kwa kila mtu kila siku mpaka zoezi liishe. Za Bi Ngazi ziletwe zikiwa baridi.

(b) Masjala itambuliwe kuwa klabu. Jina tunalopendekeza ni Klabu ya Kupanda na Kushuka. Wanachama wawili, mmoja akiwa mwenyekiti wa heshima kuanzia mwezi ujao.

(c) Klabu ya Kukimbia ihamie kwenye maji mara moja, kwa kufuata ushauri wa kitaalamu uliotajwa katika lalamiko la pili. Mwanaklabu atakayetaka kubaki na ya bluu aje masjala kwa zamu ya muda wa saa sita. Nitampangia safu ya chini, ile ya kuchuchumaa. Mwenye viatu vyeupe atapewa kipaumbele, na kamba tutamfungia sisi.

(d) Siku ya michezo ya ofisi iongezwe shindano la kutafuta faili iliyopotea. Najua tutashinda. Nataka tu ionekane.

(e) Filimbi.

Iwapo kamati itaona maombi haya ni mazito, niko tayari kuondoa (d). (e) siwezi.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, kila mmoja kwa cheo chake, na mweka vifaa mwambie ile barua yake ya kuomba uhamisho iko salama na haijasomwa na mtu zaidi ya watatu. Nisalimie dada, mwambie chakula cha jana kilikuwa kizuri na kwamba ukimya wangu haukuwa wa ugonjwa. Wapwa wangu nao wasalimie, na yule wa darasa la tatu mwambie mjomba anashukuru kwa ushahidi wake. Mama nitampigia mwenyewe. Jumapili nitakuja kama kawaida, na nakuahidi hatutazungumzia jambo hili mezani, iwe umekubali au umekataa. Ukiwa umekubali, nipitishie chumvi bila kuombwa, nitaelewa.

Wako nikiwa nimelowa jasho na kujawa heshima,

Shemeji yako,
Karani Mwandamizi, Masjala.

Viambatisho: nakala ya tangazo; daftari la viatu; shati.

NYONGEZA.

Barua haitoki masjala bila kupewa namba na kuachiwa nakala. Kwa hiyo leo mchana nilimpelekea Bi Ngazi aisajili. Aliisoma yote, amekaa, miwani puani, bila kucheka hata mahali ambapo mimi nilicheka nikiandika. Akaipa namba. Kisha akaniuliza nakala iingie faili gani. Nikasema ile ya "Mazoezi". Akaishusha.

Karatasi ya juu kabisa ndani yake ni fomu kutoka kamati yako, yenye sahihi yako, ya miezi mitatu iliyopita. Kichwa chake: "Mahitaji ya Maji Wakati wa Zoezi." Inasema kwamba kwa kuwa masjala inaingia kwenye zoezi refu na la joto, ijaze idadi ya mitungi inayohitaji, na kwamba kitengo kisichojibu ndani ya siku saba kitahesabiwa hakihitaji. Muhuri wa "Imepokelewa" ni wangu. Sahihi ni yangu. Ninakumbuka hata siku yenyewe. Niliona "Kamati ya Michezo", nikaona "zoezi", nikajisemea haya ni mambo ya watu wenye miguu, hayatuhusu, nikaitia faili.

Mimi, shemeji. Mwenye lalamiko la kwanza.

Kuna na mengine. Muuguzi alinikuta kwenye korido akamalizia ile sentensi niliyoikimbia: kwamba watu wanaofanya kazi ya kawaida kwenye joto, na mchana wanakula kama kawaida, wanachohitaji ni maji, kidogokidogo, mara kwa mara, hata kabla ya kiu. Na Ijumaa dada wa mapokezi alituonea huruma, akatuletea chupa ya bluu aliyoitoa kwenye mgao wake. Mimi nilikunywa kidogo; ni tamu kama dawa ya kikohozi ya watoto, na kiu ikaongezeka. Hilo sikuliandika kwenye malalamiko kwa sababu lingeharibu mpangilio wa namba. Bi Ngazi alionja tone, akafunga kizibo vizuri, akanirudishia. "Mwanangu, hii mpe anayekimbia," akaniambia. "Mimi nina kiu ya maji."

Nilitaka kuichana barua. Amekataa. Imeshapewa namba, na Bi Ngazi katika maisha yake ya kazi hajawahi kufuta namba, na hawezi kuanza leo zikiwa zimebaki siku tisa. Ndiyo maana imekufikia. Naomba usiisome. Kama umeshaisoma, naomba hapo kwenye viatu usimwonyeshe dada.

Juu yake nimebana ile fomu. Nimeijaza leo, imechelewa siku themanini na tatu. Mtungi mmoja unatosha. Bwana wa stoo akija nao asiuache mlangoni pa zamani, auingize ndani kabisa, auweke karibu na ngazi.